Juni ya Salfa na Furaha Isiyotajwa

Kwenye uwanda wa Makonde, mwezi Juni siku huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Mwenye mikorosho anayetaka kupeleka kitu kwenye chama cha msingi msimu wa mnada utakapofunguliwa hana budi awe shambani umande ungali juu ya majani na upepo wa kusi haujaamka, kwa sababu unga wa salfa hushika jani lenye unyevu, na jua likishapanda unga huo hupotea hewani na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hubaki ulipokuwa. Juni iliyokwisha juzi nilibeba mashine mgongoni kama miaka yote, na kitambaa cha puani nikafungwa na yule ninayeishi naye, ambaye kijijini anajulikana kuwa ni rafiki yangu wa biashara. Tulipita mstari kwa mstari huku wingu la njano likipanda kwenye matawi. Tulipomaliza alinipangusa nyusi kwa upindo wa kanga kuukuu iliyofungiwa chupa ya chai, akasema nimekuwa kama mwali aliyepakwa manjano. Tukaketi chini ya mkorosho mkubwa, tukala ming'oko ya kuchemsha, tukarudi barabarani.

Barabarani ndipo mtandao unaposhika, na hapo simu ilianza kulia kwa picha na habari zilizokuwa zimesubiri usiku kucha: maandamano ya rangi rangi katika miji ya mbali, hotuba, ngoma, watu wakikumbatiana mchana kweupe. Juni ni mwezi ambao wapenzi wa jinsia moja katika nchi nyingi hukumbuka usiku wa kuamkia Juni 28, 1969, polisi wa New York walipovamia baa ya Stonewall Inn kama walivyozoea kuvamia baa za aina hiyo, ila safari hiyo wateja na vijana wa mtaani walikataa kuingizwa kwenye karandinga kimya kimya, na mapambano yakaendelea kwa siku kadhaa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, watu waliandamana kuikumbuka siku hiyo, na desturi ikaanzia hapo. Bendera ya upinde wa mvua ilikuja mwaka 1978 mjini San Francisco, ikibuniwa na msanii Gilbert Baker, ambaye aliipa rangi nane na kila rangi maana yake. Njano ilikuwa jua.

Nilizitazama picha zile nikiwa na njano yangu mwenyewe kwenye kucha. Ninaziandika habari hizi mbili pamoja, ya shamba na ya maandamano, kwa sababu kwetu zinaishi pamoja katika mtu mmoja na katika asubuhi moja, ilhali mijadala yetu huzitenga kana kwamba mpenzi wa jinsia moja ni kiumbe cha habari za kimataifa ambaye halimi, haoshi vyombo, hauguzi mama yake, wala hapangi foleni ya salfa ya ruzuku. Na ninaamini kwamba tunachokikosa sisi wa Mtwara na Lindi kinatangulia maandamano na bendera, nacho ni nafasi ya furaha yetu na msiba wetu kutajwa mbele ya watu. Anayetunyima nafasi hiyo ni sheria, zaidi kuliko jirani.

Nianze na jirani, kwa kuwa ndiye anayesingiziwa zaidi. Watu wa huku wana jambo moja ambalo wageni hulichukulia kuwa ni kutojua, nalo ni kusitiri. Mama yangu hajawahi kuniuliza kwa nini chumba chetu kina kitanda kimoja. Jirani anayekuja kuazima kinu hubisha hodi mara tatu na kusubiri nje, ingawa kwa wengine huingia moja kwa moja. Mjomba wangu, ambaye kwa ukoo wetu unaofuata upande wa mama ndiye mwenye kauli, aliniita miaka kadhaa iliyopita, nikamwamkia, akaniuliza, "Mpwa wangu, nyumba unayo, mikorosho unayo, mke je?" Nikamjibu, "Mjomba, Mungu hajajaalia." Alinyamaza kwa muda, akitazama uani ambako mwenzangu alikuwa akianika mihogo, kisha akasema, "Basi angalieni paa hilo kabla ya masika." Alisema angalieni, kwa wingi, na tangu siku hiyo hakurudia swali la mke.

Ninaamini kwamba mjomba alijua alichokisema. Ninaamini pia kwamba katika mitaa mingi ya Mikindani, ya Lindi mjini na ya Masasi kuna angalieni za aina hiyo zaidi kuliko zinavyodhaniwa na wanaosema kwamba jamii yetu haiwezi kuishi na watu kama mimi. Inaishi nao. Lugha yenyewe ni shahidi, kwa maana Kiswahili kina maneno ya zamani ya kuwataja watu hawa, mengi yao ya kutukana, na moja, shoga, ambalo wanawake wetu bado wanaitana kwa upendo kila asubuhi kisimani bila kumaanisha lolote zaidi ya rafiki wa kike wa karibu. Huwa ninajisikia vizuri ninapolisikia likitumiwa hivyo, kwa kuwa ni ajabu kwamba neno lile lile ambalo shuleni lilirushwa mgongoni kwangu kama jiwe ndilo mama analolitumia kumkaribisha mtu anayempenda kuliko dada zake.

Lakini sitara ina gharama, na gharama yake niliiona kwa karibu Lindi, kwenye msiba. Watu wawili ninaowafahamu walikaa pamoja miaka kumi na minne, wakiuza samaki wa kukaanga na baadaye wakiendesha genge dogo la nafaka. Mmoja alipofariki, ndugu walikuja kutoka Nachingwea na Dar es Salaam, nao hawakuwa watu wabaya, walileta sanda na mchele na walimshukuru sana yule aliyebaki kwa kumuuguza ndugu yao. Kisha wakaketi kwenye mkeka wa wafiwa, na yeye akaketi kwenye mabenchi ya majirani. Pole zilipita mbele yake zikienda kwa kaka ambaye hakuwa amekanyaga Lindi kwa miaka sita. Nilimwona akiinuka kila mara kuongeza kuni, kwa sababu mtu mwenye shughuli haulizwi kwa nini macho yake ni mekundu, na moshi unatosha kuwa jibu. Alipotolewa maiti alishika jeneza kwa zamu yake kama wanaume wengine, hatua chache, akampokeza aliyefuata. Siku ya tatu ndugu walifunga genge, wakahesabu magunia, wakaondoka na funguo.

Hakuna aliyemtukana wala aliyempiga. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, kwamba dhuluma ile ilitendwa kwa adabu kamili, na kwamba hata kama angetaka kudai asingekuwa na pa kupeleka dai lake, maana ili aseme ni nani kwa marehemu angelazimika kukiri kosa la jinai.

Kosa hilo limeandikwa katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika mwaka 1930 kuchukua nafasi ya sheria ya jinai ya Kihindi waliyokuwa wakiitumia kabla yake, na maneno yake ya kinyume cha maumbile hayakutungwa Newala wala Kilwa. Hata hivyo, siwezi kuwatwisha Waingereza mzigo wote. Sheria yao ilikuwa na kifungo cha miaka 14. Ni Bunge letu wenyewe, mwaka 1998, kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, lililofanya adhabu iwe kifungo cha maisha na isipungue miaka 30. Sheria hiyo ilikuwa na shabaha njema ya kuwalinda wanawake na watoto dhidi ya ubakaji, na ninaiheshimu kwa hilo. Ndani yake, hata hivyo, watu wazima wawili waliokubaliana waliwekwa kwenye kapu moja na wabakaji, na kapu hilo limebaki vile vile huku Uingereza na Wales zikiwa zimeanza kuifuta sheria yao wenyewe tangu 1967.

Sasa tazama ng'ambo ya mto. Ruvuma inatutenganisha na Msumbiji, lakini Wamakonde wako pande zote mbili, na Wamakua vivyo hivyo. Watu wanavuka kwa mitumbwi, kwa kivuko cha Kilambo, na tangu 2010 kwa Daraja la Umoja kule Mtambaswala. Wareno nao walikuwa wameacha huko sheria yao ya jinai ya 1886, yenye maneno yanayokaribiana sana na ya Waingereza, ya maovu dhidi ya maumbile. Mwishoni mwa Juni 2015 Msumbiji ilianza kutumia kanuni mpya ya adhabu isiyo na maneno hayo. Habari hiyo ilipita juu ya vichwa vyetu. Mikoa yetu miwili iliyo karibu na nchi hiyo haikuijadili, ingawa tulikuwa na haki ya kuijadili kuliko wote, kwa sababu wapigania uhuru wa FRELIMO walifunzwa kwenye kambi ya Nachingwea, katika mkoa huu wa Lindi, na wazee wetu waliishi miaka kumi ya vita vile wakiwapokea wakimbizi na majeruhi. Tulisaidia kuwatoa Wareno. Waliotoka kwenye mikono yetu wakaiondoa hata sheria ya Wareno, nasi tukabaki tukiitunza ya Waingereza na kuiita utamaduni wetu.

Na baada ya kuiondoa, maisha ya kule yaliendelea. Jando lipo, unyago upo, lipiko, yule mcheza ngoma wa kinyago wa Kimakonde, linacheza. Mateso makubwa ya jimbo lao la kaskazini, Cabo Delgado, tangu 2017 yanatokana na vita, na kila aliyewapokea waliokimbia kuvuka mto anajua walichokikimbia. Sisemi kwamba kufutwa kwa sheria kumemfanya kila mtu wa huko kuwa huru; shirika la LAMBDA, linalowatetea wapenzi wa jinsia moja nchini humo, lilisumbuka kwa miaka mingi likiomba usajili rasmi bila mafanikio. Lakini mtu aliyefiwa kule anaweza kusema ni nani kwa marehemu, na maneno yake yasiwe ushahidi dhidi yake.

Juni, kumbe, si ya New York peke yake. Mahakama Kuu ya Botswana ilifuta sheria ya aina hii Juni 11, 2019, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2021. Mahakama Kuu ya Namibia ikafanya hivyo Juni 21, 2024. Kwa majirani wetu wengine mambo yamekwenda vinginevyo: Kenya mahakama ilikataa mwaka 2019, na Uganda mwaka 2023 ilitunga sheria kali inayofika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Ninazitaja zote kwa kuwa habari za jamii yetu haziji zikiwa za shangwe tu, na mtu anayesoma za Gaborone asubuhi husoma za Kampala jioni akiwa kwenye kitanda kile kile.

Sherehe ninayoipenda kuliko zote katika historia hii ni ya Johannesburg, Oktoba 13, 1990, maandamano ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Mmoja wa walioyaongoza alikuwa Simon Nkoli, kijana mweusi aliyewahi kushtakiwa kwa uhaini na serikali ya makaburu, akawaeleza washtakiwa wenzake gerezani kwamba anapenda wanaume, na akaendelea kuwa mwenzao katika mapambano. Alifariki mwaka 1998 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa ameiona katiba ya 1996 ikikataza ubaguzi wa aina hiyo. Siku ile ya maandamano baadhi ya watu walitembea wakiwa wamevaa mifuko ya karatasi vichwani, yenye matundu ya macho, kwa kuogopa kutambuliwa na waajiri na ndugu zao. Mmakonde akiisikia habari hiyo hana haja ya kufafanuliwa. Sisi tumekua tukiona mtu akifunika kichwa kwa kinyago cha lipiko na kufunga kila sehemu ya mwili isionekane, akacheza kati ya watu wanaomjua tangu utoto nao wasimtaje, na baadhi ya mapiko yetu ni wanaume waliovaa vinyago vya matumbo ya wajawazito. Sitaki kukifanya kinyago kiseme nisichokijua. Ninachosema ni kwamba kucheza hadharani huku umesitiriwa ni jambo tunalolielewa vizuri mno, na kwamba hata lipiko huvua kichwa chake ngoma inapokwisha, akarudi nyumbani akiwa na jina lake.

Kuna wanaosema kwamba yote haya ni mambo ya dini na hayana mjadala. Nami ni mtu wa dini, na sitaki kumvua mtu imani yake. Lakini dhambi na jinai ni vitu viwili, na Papa Francis alilisema hilo waziwazi Januari 2023, kwamba kuwa hivyo si kosa la jinai, ingawa alishikilia mafundisho ya Kanisa lake kuhusu dhambi, na maaskofu wa Afrika mwaka mmoja baadaye walikataa kutoa baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Msimamo wa maaskofu hao unaweza kuheshimiwa bila polisi kuitwa. Mlevi hafungwi miaka 30, wala mzinzi, wala anayekula mchana wa Ramadhani nyumbani kwake.

Sheria hii pia haiishii kwenye vitabu. Februari 2017 serikali ilitangaza kuzuia vituo 40 kutoa huduma za UKIMWI, ikivituhumu kuwalenga watu wa mapenzi ya jinsia moja. Mwaka uliofuata mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kamati ya kuwasaka, na ingawa Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kuwa huo ulikuwa msimamo wake binafsi, hofu ilikwisha kusafiri hadi huku kabla ya ufafanuzi. Kijana mmoja ninayemfahamu aliacha kwenda kuchukua dawa zake kwa miezi mitatu, si kwa kuwa zahanati ilimfukuza, bali kwa kuwa kwenye benchi la kusubiri kuna watu na watu wana macho. Alikonda mbele yetu. Alirudi kliniki baada ya mwenzangu kumpakia kwenye pikipiki na kumsubiri nje ya geti kila mwezi kwa mwaka mzima, akijifanya anauza vocha.

Nimeeleza haya yote ili nifike kwenye Jumamosi iliyopita. Mtoto wa dada yangu alikuwa jandoni tangu shule zilipofungwa, na mimi ndiye mjomba, kwa hiyo shughuli ilikuwa yangu kwa sehemu kubwa. Tulianza kuweka akiba tangu malipo ya korosho ya msimu uliopita. Mwenzangu ndiye aliyekwenda Mtwara mjini kununua kitenge cha sare na mchele, ndiye aliyekaa usiku na wapishi kuhakikisha masufuria hayaungui, na asubuhi, wari walipotolewa, alikuwa nyuma ya nyumba akihesabu sahani. Mtoto alitoka na nguo mpya na jina jipya, jina la marehemu babu yangu, na kila aliyemtuza alilitamka jina hilo kwa sauti huku akimbandikia noti, kwa sababu ndivyo jina linavyoingia kwa mwenyewe, kwa kutajwa na wengi.

Mshereheshaji, mzee wa mtaa wetu mwenye spika iliyokwaruza, alisoma waliochangia. Alimtaja mjomba mkubwa, akawataja wa Tandahimba na wa Masasi, akawataja majirani mmoja mmoja na debe zao za mahindi. Kila mtu aliyekuwa na nyumba alitajwa na mke wake au mume wake. Nilitajwa karibu na mwisho. Alisoma jina langu, akasita, akainua karatasi karibu na macho ingawa najua anaona vizuri, akasema, "Na mwenzake. Mbuzi mmoja, na mchele gunia." Vigelegele vilipigwa kama vilivyopigwa kwa wengine, wala si zaidi. Mama alikuwa wa kwanza. Nyuma ya nyumba, mtu aliyekuwa akihesabu sahani alipotewa na hesabu, akaanza upya kutoka moja.